Tulivyomsindikiza Kalasa Mpaka Luapula

Kamba ya upande wa miguu ndiyo iliyokatika. Sanduku likaenda kichwa juu, miguu chini, likagonga ukingo wa kaburi. Ubao wa ubavuni ukapasuka pamoja na bati la zinki la ndani. Watu wakapiga kelele mara moja, halafu wakanyamaza wote, hata waimbaji.

Mkono ulikuwa umetoka nje. Mkono wa suti nyeusi, suti ya arusi ya ndugu yangu Kalasa. Niliijua, nilisimama karibu naye siku alipoivaa. Lakini mkono ule haukuwa na kiganja. Mwisho wake ulikuwa umepigwa fundo, na katika fundo palichungulia kitu chekundu kinachong'aa juani.

Mama yetu alishuka kaburini kabla hatujamshika. Mwanamke mzee, akateleza na udongo mpaka chini, akaingiza mikono miwili katika ule mpasuko, akawa anapapasa. "Kalasa, mwanangu, kichwa yako iko wapi?" Akatoa kola. Juu ya kola hapakuwa na kitu. Suti nzima ilijazwa waya wa shaba uliozungushwa: kifuani, tumboni, miguuni, na suruali imefungwa kwa chini kama mfuko wa unga. Pembeni mifuko ya kobalti, na mablanketi ya hospitali yaliyokunjwa vizuri ili vitu visipige kelele.

Mama alivuta, akavuta, akitafuta mtu ndani ya nguo.

Nyinyi wenzangu wa kambi mmeniuliza mara nyingi, na kila mara nilikata maneno juu nilikuwa sijaweza. Sokoni mmesikia mengine, kwamba Kalasa aligeuka shaba. Basi nawaandikia. Shule niliiachia kwa mapadri ningali mdogo, mtanivumilia. Nitaifuata njia kama tulivyoifuata sisi, mpate kujua mahali gani walitudanganya.

LIKASI

Mnakijua kiwanda kilivyokuwa miaka ile baada ya uporaji. Kila asubuhi kilikuwa kidogo kuliko jana. Leo madirisha, kesho mota, kesho kutwa mabati ya paa. Sisi tuliendelea kuingia kazini na kofia zetu kichwani, tukijifanya hatuoni. Kalasa alikuwa fundi wa pampu. Asubuhi ile alipita juu, kwenye ule ujia wa vyuma aliopita maisha yake yote, hakuwa na haja ya kutazama chini. Akakanyaga mahali palipokuwa na bamba la sakafu. Bamba lilikuwa limekwisha kuuzwa. Akaanguka mpaka kwenye saruji.

Nilimwona miguu tu. Chumba cha maiti hakikuwa na umeme, mlinzi alinifunulia shuka kwa chini, nikaona kidole kilichopinda, kile alichovunjika tungali watoto. Ndiye. Hilo naweza kuapa mbele ya altare: ndugu yangu alikufa, na alikuwa na mwili.

Sasa mtu wa mbali hawezi kufahamu kwa nini hatukumvalisha sisi wenyewe. Sisi tulizaliwa na Kampuni. Mtoto akizaliwa, Kampuni ilimpa blanketi. Tuliishi kwa posho yake ya unga. Mtu akifa, karakana ya mbao ya Kampuni ilimpa sanduku, na kama anakwenda kuzikwa mbali, sanduku lilivalishwa zinki ndani, likafungwa kwa risasi ya kuyeyusha. Hata unga ulipokatika, masanduku hayakukatika. Kampuni tuliiita Baba; tulisema, angalau hilo Baba bado analikumbuka. Hatukujiuliza kwa nini.

Direkta Mwenda alikuja mwenyewe nyumbani. Mkuu wa huduma za wafanyakazi, mtu wa viatu vyeupe. Alikaa kwenye kiti chetu kibovu, akauliza tunazika wapi. Baba mdogo wetu, Chola, ndiye aliyejibu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo:

"Luapula, Direkta. Kule kwetu, chini ya Kasenga. Mama yake ataka amuzike."

"Ku Luapula, karibu na mpaka," alisema Direkta. Akatikisa kichwa polepole. "Vizuri. Vizuri sana. Mama ni mama. Mutupatie nguo yake, siye tutamuvalisha. Nyiye mulie tu."

Ngalula, mke wa marehemu, akatoa suti ile kwenye sanduku la nguo, akaipiga pasi ya makaa huku machozi yanaanguka juu ya kitambaa na kuchemka. Akamkabidhi Paskali, karani wa Direkta aliyepewa kazi ya kutusindikiza. Ngalula ni mtu wa Kasai. Ndugu zake wote walikuwa wamekwisha kufukuzwa, wakapandishwa treni pamoja na wengine, nyinyi mlikuwapo mkaona lile gari la moshi lilivyojaa. Yeye alibaki kwa ajili ya mume wake. Kalasa alipokufa, hakuwa tena na mtu hapa isipokuwa sisi. Na kwetu Luapula, mjane anafunguliwa kaburini. Ukoo wa mume ukishazika, unamwosha, unamvalisha ushanga mweupe, kifo kinamwachilia. Bila ushanga huo hapikii watu wengine, hapewi mkono, haolewi. Ndiyo safari yake ilivyokuwa: alikwenda kumzika mume, na alikwenda kuomba aachiliwe.

LIKASI MPAKA LUBUMBASHI

Tuliondoka na kamiyo, lori la Kampuni, matawi mabichi yamefungwa mbele, ishara ya kilio. Mbele Kitenge, dereva, na Paskali. Nyuma sisi watatu, mimi, Baba mdogo na Ngalula, na sanduku ambalo watu wa karakana walikwisha kulipakia.

Sikupenda safari ile tangu mwanzo, na siwezi kueleza vizuri. Barabara ilikuwa kimya kupita kiasi. Nguzo za umeme zilisimama porini zimenyoosha mikono, na waya hazikuwapo. Pale Kapolowe wanawake wanaouza samaki wa ziwa la Tshangalele, wale wanaokimbilia kila gari na kupigana kwa mabeseni, walituona wakabaki wamesimama. Hakuna aliyeita. Mmoja alifanya ishara ya msalaba, halafu akaziba macho ya mtoto aliyekuwa mgongoni kwake.

Na kila shimo la barabara, ndani ya sanduku palisikika kitu. Ko. Ko. Si kwa nguvu. Namna mtu anavyobisha mlango wa jirani akiwa hataki kumwamsha.

"Umesikia?" akauliza Baba mdogo.

"Ni zinki," nikasema. "Zinki inagonga ubao."

"Zinki haibishake hodi. Ule iko na neno."

Ngalula alikuwa ameweka shavu juu ya kifuniko.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha askari, Paskali alikuwa anashuka kabla gari halijasimama. Hapo ndipo mngemwona! Anajipiga kifua, anajitupa chini, anaimba wimbo wa wafu kwa sauti nene. Mtu ambaye hajawahi kula nyumbani kwa Kalasa. Askari wale waliozoea kumwaga hata unga wa mtu chini ili watafute, walivua kofia. Mmoja alipiga saluti. Kamba ikashushwa, tukapita.

Baba mdogo alisogea kwenye kidirisha cha dereva. "Ee shofeli, huyu Paskali analia kushinda mujane. Kalasa alikuwa anamupa nini?"

Kitenge akacheka, meno ya dhahabu mawili. "Baba, huyu analiaka kila sanduku. Akiona ubao tu, machozi."

"Kila sanduku? Munabebaka mingi?"

Kitenge akaacha kucheka, akatazama barabara. "Batu banakufa, baba. Siku hizi batu banakufa sana."

Lubumbashi tulipoteza siku nzima tukingojea mazuti, mafuta ya gari. Kamiyo ilikaa juani, nyuma ya mlolongo wa magari mengine. Nilinunua mikate ya kukaangwa na kinywaji cha munkoyo, nikamletea Ngalula, akakataa. Ndipo tukataka kulisogeza sanduku kwenye kivuli. Tuliwaita vijana wa pale, tukawa sita. Tukainua. Halikuinuka. Kijana mmoja aliachia, akajitazama viganja, akauliza kwa heshima, "Papa, marehemu alikuwa mutu munene?"

Kalasa alikuwa mwembamba. Wote mlimwona miezi ile ya mwisho, kola ilimzunguka shingo kama gurudumu.

"Zinki," akasema Paskali haraka. "Zinki ni nzito. Muache, musiiguse tena."

Kitu kingine kilinijia pale na sikumwambia mtu. Jua lilikuwa kali, tulikuwa siku ya tatu tangu afe. Jirani yetu kwenye mlolongo alikuwa na nyama ya mbuzi ndani ya gunia, na inzi walikuwa wamelifunika gunia mpaka jeusi. Juu ya sanduku la ndugu yangu hakukuwa na inzi hata mmoja.

KASOMENO

Barabara ya Kasenga mnaijua kwa sifa. Tuliingia kwenye mchanga, tukatoka, tukaingia kwenye tope, tukatoka, na hatimaye kabla ya Kasomeno kitu kilivunjika chini ya kamiyo kwa sauti ya mfupa. Kitenge alilala chini akatazama, akatoka na uso mrefu.

Paskali alianza kutoka jasho. Alitembea mbele na nyuma akitazama njia ya mtoni, kama mtu aliyeahidi kuonana na watu. Mwisho alikodi baiskeli, akasema atarudi Lubumbashi kutafuta kipuri.

"Sanduku isitoke hapa," alituambia. "Munasikia? Hata Askofu akipita na gari yake, musikubali. Mungojee minye."

"Mufu alale tena njiani?" akauliza Baba mdogo. "Mara ya tatu? Kwetu haifanyike."

"Baba, hii ni amri ya Direkta."

"Direkta njo alimuzaa?"

Paskali akaenda. Tukalala pale, tukaamka, tukangoja mpaka jua likapanda. Ndipo likapita lori la mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, Mama Josefina, linakwenda Kasenga tupu kuchukua mzigo. Mwanamke mkubwa wa mwili, sauti kama ngoma, wapakiaji wake wamekaa juu wanatafuna miwa. Alisikia habari yetu, akasema panda, kilio hakilipishwi. Alitupatia bukari, ugali wa kwetu, na samaki wadogo waliokaushwa, na hata Ngalula alikula kwa kuwa alilazimishwa: "Kula, mwanamuke. Ukianguka, batabeba wafu wawili."

Lakini alipolikaribia sanduku alisimama. Akavuta pumzi kwa pua. Akalizunguka, akavuta tena.

"Amekufa siku gani?"

Tukamwambia.

"Bamemutia dawa?"

"Hospitali haiko na dawa ya batu bazima," nikasema.

Akarudi nyuma hatua mbili, ule ucheshi umekwisha. "Minye nabebaka samaki, na nabebaka wafu. Wote banasema na pua ya muntu. Huyu wenu ananyamaza. Mutamubeba, sikatae, lakini mimi nitakaa mbele. Sitakaa naye nyuma."

Tulikuwa watatu na Kitenge wa nne. Tukashika pembe. Sanduku likakaa palepale kama limeota mizizi. Mara ya pili, ile ile. Na lilipotikisika kidogo tukasikia tena, ko, ko.

Baba mdogo akaachia. Alikuwa ametoka Luapula kijana, amezeeka kwa mashine, anakwenda misa kila Jumapili, lakini mambo ya kwao hayakutoka. Kwao mfu aliyeudhiwa anakuwa mzito. Wabebaji wanashindwa mpaka aliyemkosea aseme mbele ya watu. Nimeiona desturi hiyo mwenyewe kijijini, siwezi kuicheka.

"Ngalula," akasema. "Kuya hapa. Piga magoti. Mufu anakataa kwenda, na weye njo ulilala naye."

"Minye sikumufanya kitu, baba."

"Sema naye, usiseme na minye."

Wapakiaji wa samaki waliacha kutafuna. Ngalula akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka kiganja juu ya ubao. Maneno yake ninayakumbuka yote.

"Kalasa. Tuligombana juu ya unga, ile juma ya mwisho. Nilikuambia uache ile kazi, twende kulima. Weye ulisema kiwanda itaamka, wazungu batarudi, nchi itainuka. Nilikucheka. Njo ile tu. Kama iko ingine, sema leo, batu wote basikie. Kama haiko, simama, mume wangu. Mama yako anakungojea."

Alikaa pale akingoja ajibiwe. Upepo ulikuwa umekufa. Hata mimi niliyesema ni zinki nilijikuta nasikiliza.

Kisha Mama Josefina akawaka: "Nyiye munatazama nini? Shukeni mubebe!" Wapakiaji wake wakaruka chini, tukawa watu kumi na zaidi, sanduku likainuka, likapanda.

"Munaona?" akasema Baba mdogo. "Amekubali kosa, mufu ameinuka."

"Baba mudogo," nikamwambia, "tumebeba na batu wengi."

Alinitazama kwa huruma. "Weye Likasi imekuharibu. Unahesabu mikono."

KIJIJINI

Kitenge alibaki kulinda kamiyo. Kasenga mpaka kijijini tulikwenda kwa mtumbwi mkubwa tulioazimwa na mtu wa ukoo, nao ulizama mpaka maji yakalamba ukingo. Luapula ilikuwa kama kioo. Ng'ambo, upande wa Zambia, wanaume watatu walisimama ukingoni na baiskeli, wakatuangalia tukipita. Mmoja aliinua mkono, kama anatuita. Nilidhani anatoa pole, nikamrudishia.

Habari ilifika kabla yetu. Wanawake walikuja wakilia mpaka majini, na Baba mdogo, akiwa hajakanyaga nchi kavu, akawaambia: mke amesema, ana kosa, mfu alikataa kutembea mpaka akakiri. Ngalula hakuwa amekiri kitu. Lakini neno lililosemwa mtoni lilifika kijijini limenenepa. Walimnyoa kwa wembe mkavu. Wakamkalisha karibu na jalala la majivu, peke yake, mgongo kwa watu. Bukari ilipopita, ilimpita. Nilimpelekea maji, shangazi mmoja akamwaga kwa mguu.

"Huyo banduguze walifukuzwa juu ya nini?" akasema. "Munafikiri bure?"

Mama alikuwa amekaa na shavu juu ya ubao, mahali pale pale Ngalula alipoweka lake.

Kaburi nimekwisha kuwaeleza. Kilichobaki ni kilichotokea baada ya kimya. Mtu wa kwanza kusema alikuwa Baba mdogo, na mtasema mnamjua mzee yule, mtu wa akili. Aliinama akatazama ile suti, akasema kwa sauti ndogo:

"Amemugeuza."

Neno likakimbia. Amemgeuza. Mke amemgeuza mume shaba. Na nyinyi msicheke, kwa kuwa hata kambini kwetu wazee walisema tangu zamani kwamba shaba ya Kampuni inatoka katika watu. Wengine waliokota mawe. Ngalula alisimama kutoka kwenye majivu, kichwa kitupu kinavuja damu, akapita katikati yao kana kwamba hawapo, akaja mpaka ukingoni. Akatazama.

"Hii suti nilimupatia Paskali na mikono yangu," akasema. "Yaya, shemeji, unakumbuka? Mbele yako. Na kifundo kama hii minye sijui kufunga."

Nikapaza sauti kuliko nilivyowahi kupaza. Nikawaeleza inzi, pua ya mama wa samaki, Direkta aliyefurahia mpaka. Wengine walielewa, mawe yakaanguka moja moja. Wengine mpaka leo hawajaelewa.

Kesho yake tukaona mitumbwi inatoka upande wa Kasenga. Mbele alikuwa amesimama Paskali, nyuma yake askari. Sasa sikilizeni hili, ndilo linaloniamsha. Watu walidhani anamleta Kalasa. Walidhani kulikuwa na makosa ya masanduku, na mtu wa Kampuni amefanya njia yote ile kulirekebisha. Wanawake wakaanza kulia upya, kilio cha kupokea. Mama akafunua kanga yake mpya akaitandaza kwenye mchanga, akaikunjua pembe zote nne, akapiga magoti pembeni.

Paskali aliruka majini, akakanyaga kanga ile na viatu vyenye tope.

"Bintu, mali ya Kampuni, iko wapi?"

Alikuwa na macho makavu kabisa, mara ya kwanza kuyaona makavu.

"Na ndugu yangu?" nikauliza.

"Ndugu yako gani?"

"Kalasa. Wa ndani ya suti."

"Minye napewaka sanduku yenye imefungwa. Uliza Direkta." Akageukia askari. "Mubebe. Na mukisema sana, tutasema ni nyiye muliiba, tuliwakamata na mali kijijini kwenu."

Walipakia waya na kobalti mbele yetu, wakapeleka moja kwa moja ng'ambo, kwa wale watu wa baiskeli. Mali ya Kampuni, alisema! Suti waliitikisa, wakaitupa. Watu wa kijiji wakataka tuzike suti, tumalize. Mama akakataa. "Hii ni nguo," alisema. "Sikuzaa nguo." Na Baba mdogo alipoombwa amwoshe Ngalula, amfunge ushanga, alitazama chini: hawezi kumfungua mjane juu ya shimo tupu. Hasira yake ilikuwa imekwisha, alikuwa anaona haya, lakini hiyo ndiyo sheria. Kaburi walilifunika kwa matete. Liko hivyo.

KURUDI

Tulirudi na Mama Josefina, kati ya vikapu vya samaki, mimi na Ngalula. Mama Josefina alimtazama Ngalula kichwa, akavua kitambaa chake akamfunga.

Likasi nilianza na chumba cha maiti. Mlinzi alinijua. "Tulimupa batu ya Direkta," alisema. "Bakakuja na suti, bakasema banakwenda kumuvalisha kule karakana." Karakana ya mbao nikakuta imefungwa, na nyuma hakuna ukuta. Fundi Dominiko, aliyekuwa anafunga zinki, aliniona akaingia chooni, akakaa humo mpaka nikachoka. Nyumba ya Direkta Mwenda haikuwa na milango wala balbu. Jirani akasema amekwenda Sauzi, Afrika Kusini, kutibiwa. Ugonjwa gani? Jirani akainua mabega.

Nikauliza wengine waliosindikiza masanduku mwaka ule, watu wa Pweto, watu wa Sakania, wa Kasenga. Sitawataja. Niliwauliza swali moja: lilikuwa zito? Mmoja aliniambia nitoke nyumbani kwake. Mmoja alikaa chini.

Halafu kukawa na mkutano ule katika jumba la sinema la zamani, mnaukumbuka, wengine mlikuja kwa ajili ya soda. Wageni wa mabenki ya ng'ambo, na mkuu mpya wa Kampuni kati yao. Mgeni mmoja mwenye nywele nyekundu alisema vizuri, mkalimani akimfuata. Afrika ni bara changa. Utajiri uko chini ya miguu yenu. Kuna matatizo, ndiyo, njia, umeme, uongozi, lakini matarajio ni makubwa: wenye mitaji wakija wakinunua kilichobaki, uchumi utakua, kila mtu atakula. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa najiuliza kilichobaki ni nini, kama sisi wenyewe tulikwisha kukibeba mabegani tukiimba.

Nikasimama. Nikasema ninaitwa nani na nilifanya kazi wapi. Nikauliza: ndugu yangu Kalasa, fundi wa pampu, aliyeanguka kwa sababu ya bamba lililouzwa, mwili wake mliutia wapi?

Mkuu mpya akamnong'oneza mkalimani. Mkalimani akamwambia mgeni kitu kifupi, kifupi mno. Mgeni akanitazama kwa upole wa kweli, sisemi alikuwa mtu mbaya, akajibu. Mkalimani akatoa sauti:

"Anasema anakusikitikia. Vijana wengi wameondoka nchini. Uchumi ukikua, watarudi."

Nyinyi mliokuwapo mlitazama soda zenu.

Basi mliuliza nini kilitokea, nimewaambia. Ngalula anakaa chumba changu cha nyuma. Anapika chungu chake peke yake, anakula peke yake. Majirani wanampa salamu bila mkono, na watoto wakipita kwenye dirisha lake wanakimbia. Ameniuliza mara moja tu: "Yaya, akiwa porini, mvua inamunyeshea?"

Sasa sisemi na nyinyi tena. Direkta Mwenda, huko Sauzi kuna watu wa Likasi, watakusomea. Paskali, ulilia vizuri, tunaonana sokoni na wewe unavuka upande wa pili. Dominiko, wewe uliyeyusha risasi kwa mkono wako. Na wewe uliyefungua lile bamba, jina lako bado nalitafuta. Waya sitaki. Pole sitaki, wala sanduku jingine la Kampuni. Kuna saa moja ambapo suti ilikuwa mezani inajazwa na Kalasa amelala sakafuni pembeni yenu, hana nguo, na mmoja wenu akauliza, na huyu je? Na mwingine akajibu. Alijibu nini? Nataka jibu hilo. Nipeni mahali, hata kama ni shimo la takataka, nitakwenda na jembe mwenyewe, nimtoe, nimpeleke kwa mama yake mgongoni kama njia ni ya miguu, na mwanamke huyu avalishwe ushanga wake. Mlimtia wapi?